Jamhuri Haikuzaliwa Kimya

Katika muda usiotimia miaka minne, kuanzia Desemba 1961 hadi Septemba 1965, Tanganyika ilipata uhuru, ikabadilisha waziri mkuu, ikawa jamhuri, ikavunja jeshi lake, ikaungana na Zanzibar, ikabadili jina, na ikafunga mlango wa vyama vyote isipokuwa TANU bara na Afro-Shirazi visiwani. Sijui kipindi kingine katika historia yetu ambacho mambo mazito kiasi hicho yaliamuliwa kwa haraka kiasi hicho. Ajabu ni kwamba kipindi hicho ndicho tunachokisimulia kwa uvivu mkubwa kuliko vyote. Vijiweni, kwenye hotuba za maadhimisho, hata katika vitabu vya shule, tumezoea simulizi mbili. Ya kwanza inasema Mwalimu Nyerere alitaka, wananchi wakaitikia, mambo yakaenda salama. Ya pili inasema Mwalimu alitaka, akawanyamazisha wote, mambo yakaenda alivyotaka yeye. Zinaonekana kupingana, lakini zinafanana katika jambo moja: ndani yake kuna mtu mmoja tu anayetenda, na wengine wote ni watazamaji.

Mimi nazikataa zote mbili. Miaka ile ilikuwa ya mabishano makali, yenye watu waliosema hapana kwa sauti, na maamuzi yake yalikuwa na gharama ambayo kuna watu waliilipa. Nitayachukua madai yanayorudiwa mara nyingi, nijibu moja baada ya jingine. Mengine yanahitaji maneno mengi, mengine machache.

Dai: uhuru tuliletewa mezani

Hili husemwa hasa tunapolinganishwa na Kenya ya Mau Mau au Algeria. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, walowezi walikuwa wachache, Uingereza ilikuwa imechoka. Basi, wanasema, tuliombwa tuchukue nchi tukachukua.

Kuhusu udhamini wana hoja. Ulisaidia, na viongozi wa TANU waliutumia vizuri. Lakini ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulipopendekeza kwamba Tanganyika iweze kujitawala baada ya miaka 20 hadi 25, serikali ya kikoloni iliona hata muda huo ni mfupi mno. Kilichofupisha safari hiyo kutoka miaka 25 hadi 7 hakikuwa huruma ya London.

Anzia Meru. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuieleza kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla Nyerere hajapanda ndege kwenda huko huko. Au anzia bandarini. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kando ya reli hadi bara. Au nenda Geita, ambako mwaka 1958 wakulima walikataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa na serikali, wakaandamana hadi Mwanza. Wakati huo matawi ya TANU katika eneo lote la Usukuma yalikuwa yamepigwa marufuku tangu 1954. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma zaidi ya miezi miwili chini ya Christopher Kasanga Tumbo, jina ambalo tutakutana nalo tena.

TANU yenyewe, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na watu wenye majina: akina Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, na Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika chama kwa wingi uliowashtua hata wanaume waliomtuma. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyowakosoa wakuu wa wilaya wawili, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kukaa jela miezi sita. Nchi inayoletewa uhuru mezani haina sababu ya kumfikisha rais wa chama chake kikuu kizimbani.

Damu haikumwagika katika miaka ya TANU kama ilivyomwagika kwingine. Ilikuwa imemwagika zamani, kati ya 1905 na 1907, katika vita vya Majimaji, na wazee waliokumbuka njaa iliyofuata walikuwa bado hai mikutano ya TANU ilipoanza. Kuchagua njia ya maneno baada ya kumbukumbu ile ulikuwa uamuzi, na aliyeamua hakupewa zawadi.

Dai: Januari 1962 Nyerere alisukumwa nje

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera mpya kupanda, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Dunia ilishangaa. Tangu siku hiyo kuna wanaosema alipinduliwa kimya kimya na wenzake ndani ya chama. Na kuna wanaosema kinyume kabisa, kwamba aliacha madaraka kwa unyenyekevu tu, kwa kuwa hakuyapenda.

Dai la kwanza linavunjwa na mambo matatu yasiyo na ubishi. Alibaki rais wa TANU. Kawawa, aliyemrithi, alikuwa mtu wake wa karibu na aliendelea kuwa hivyo maisha yao yote. Na kabla ya mwaka kwisha alirudi akiwa Rais wa Jamhuri, kwa kura zaidi ya 1,100,000 dhidi ya kura 21,000 na ushei za mpinzani wake. Watu waliompindua mtu hawamrudishii cheo kikubwa zaidi ya kile walichomnyang'anya.

Lakini wanaosema ni unyenyekevu mtupu nao wanaficha joto lililokuwamo ndani ya nyumba. Rudi nyuma miezi mitatu, Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia. Wabunge kadhaa, Tumbo akiwa mbele, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hoja yao haikuwa ya kihuni: miaka 40 ya utawala wa Kiingereza ilikuwa imewaweka Waafrika chini ya Wazungu na Wahindi katika mshahara, shule na biashara, na wao hawakuona sababu ya kuuthibitisha mpangilio huo kwa pasipoti. Nyerere alisimama akawajibu kwa ukali ambao haukuwahi kusikika kutoka kwake hadharani, akawafananisha wanaotukuza rangi na Hitler, akasema serikali yake yote itajiuzulu sheria ikikwama. Sheria ilipita. Hasira haikuisha.

Tazama pia serikali ilivyoonekana siku ile ya uhuru. Waziri wa fedha alikuwa Sir Ernest Vasey, Mzungu kutoka Kenya. Makatibu wakuu wengi walikuwa Waingereza. Maofisa wa jeshi karibu wote Waingereza. Malkia wa Uingereza alikuwa bado mkuu wa nchi, na Sir Richard Turnbull, gavana wa jana, ndiye Gavana Mkuu wa leo. Huko mikoani, makatibu wa TANU waliokuwa wamelala kwenye mabanda na kutembea kwa miguu kukusanya ada waliona viongozi wao wamehamia Dar es Salaam, wana magari na ofisi, na wao wameachiwa bango na daftari la madeni.

Kwa hiyo shinikizo lilikuwapo, na lilikuwa kali. Nyerere hakulikimbia, wala halikumshinda. Aligawa kazi. Kawawa alibaki serikalini kufanya yale ambayo wanachama walikuwa wakiyadai, akaharakisha kuwapa Waafrika vyeo, akaondoa makamishna wa majimbo wa kikoloni na kuweka wakuu wa mikoa walioteuliwa kisiasa. Nyerere akarudi kwa wanachama, vijijini, akikijenga upya chama kilichokuwa kimebaki jina. Mwezi Aprili mwaka huo ndipo alipotoa kijitabu chake cha kwanza kuhusu ujamaa, miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa wenye akili kuliko wote alioufanya, na ulifanikiwa kwa sababu Kawawa alikubali kubeba lawama za kazi chafu.

Na kazi chafu ilikuwapo. Kawawa alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, kabla ya uhuru. Mwaka 1962, serikali aliyoiongoza ilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu kutowezekana. Mwaka huo huo ndipo ilipopita sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani.

Dai: chama kimoja kilikuja chenyewe, maana hapakuwa na wapinzani

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu dai hili linafuta watu.

Takwimu zinaonekana kuliunga mkono. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika majimbo 58 mgombea wake hakuwa na mpinzani. Lakini tazama hicho kiti kimoja. Kilikuwa Mbulu, na aliyekishinda, Herman Sarwatt, alikuwa mwana-TANU aliyesimama binafsi baada ya makao makuu kumpitisha mtu mwingine. Wapiga kura wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walikataa kuchaguliwa mtu na Dar es Salaam. Yeyote aliyekuwa na macho angeona mapema kwamba ndani ya wingi ule mlikuwa na watu wenye msimamo wao.

Nje ya TANU walikuwapo wengine. Zuberi Mtemvu alikuwa mmoja wa wajenzi wa chama hadi mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Huko TANU ilikubali, baada ya ubishi mkubwa, kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga: ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mtemvu aliona ni fedheha kuikubali sheria ya namna hiyo, akatoka na kuanzisha African National Congress. Historia imempa ushindi Nyerere katika ubishi wa Tabora, kwani TANU iliingia katika uchaguzi ule ikaushinda, na chama cha UTP kilichopendwa na Gavana Twining kikafa. Hata hivyo Mtemvu hakuwa kibaraka wa mtu. Alikuwa na hoja ambayo sehemu kubwa ya ukumbi wa Tabora ilikuwa nayo, na miaka minne baadaye ndiye aliyethubutu kusimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa urais wa Novemba 1962. Alizoa kura hizo 21,000. Ni chache, lakini zilipigwa na watu wazima waliojua wanachofanya.

Walikuwapo pia AMNUT, chama kidogo cha Waislamu kilichohofu kwamba uhuru utawakuta Waislamu wakiwa nyuma kielimu. Hoja yao ya kuchelewesha uhuru ilikataliwa na Waislamu wenzao wengi ndani ya TANU, lakini malalamiko yao kuhusu elimu yalikuwa ya kweli.

Kisha yupo Kasanga Tumbo. Baada ya uhuru alipelekwa London kuwa balozi. Akaiacha kazi hiyo mwaka 1962, akarudi na kuanzisha People's Democratic Party. Chama hakikupewa nafasi ya kupumua. Tumbo aliishia kukimbilia Kenya, na mapema 1964 alirudishwa nchini na kuwekwa kizuizini. Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alipelekwa Sumbawanga kwa nguvu Januari 1963 kwa sababu ya migomo. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, waziri wa sheria katika serikali ya kwanza, alitoka serikalini na katika TANU mwaka 1963 akiupinga mpango wa chama kimoja. Huyu hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa Makerere na Nyerere, na alikuwamo katika harakati tangu mwanzo.

Sasa weka tarehe hizi kwa mpangilio. Septemba 1962, sheria ya kizuizini. Januari 1963, Halmashauri Kuu ya TANU inaamua nchi iwe ya chama kimoja. Januari 1964, Rais anateua tume chini ya Kawawa kuandaa mpango huo. Tume ile haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja au vingi. Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa. Tume iliulizwa chama kimoja hicho kiwe cha namna gani. Mfumo unaokuja wenyewe hauhitaji sheria ya kizuizini iutangulie. Wapinzani walikuwa wachache, ndiyo, lakini hawakuisha kwa kukosa hoja. Waliishiwa na mahali pa kuisemea.

Dai: basi chaguzi za chama kimoja zilikuwa maigizo

Wapo wanaosoma aya zilizotangulia na kukimbilia upande wa pili. Kama mlango ulifungwa, wanasema, yaliyofuata yote ni uongo. Hapana. Kasoro moja haiondoi ukweli mwingine.

Nyerere aliona tatizo ambalo viongozi wengi wa Afrika hawakutaka kuliona: katika majimbo 58 ya mwaka 1960 wananchi hawakupiga kura kabisa, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja. TANU ilikuwa imeshinda hadi ikamnyima mwananchi nafasi ya kuchagua. Tume ya Kawawa ilizunguka nchi, ikapokea maoni, na Machi 1965 ikatoa mpango ambao haukuwa umejaribiwa popote Afrika. Kila jimbo liwe na wagombea wawili wa TANU. Wapande jukwaa moja, kwa pamoja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, asiwepo wa kumwaga fedha kwa mikutano yake binafsi. Wasiseme habari za kabila, dini wala rangi. Waseme Kiswahili tu. Na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba.

Septemba 1965 wananchi walipiga kura. Paul Bomani, waziri wa fedha, mjenzi wa vyama vya ushirika vya pamba vya Usukuma, alianguka. Waziri mwingine alianguka pamoja naye, na mawaziri wadogo kadhaa. Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake ilikuwa imeijenga TANU kuliko ya wanaume wengi, alianguka Rufiji, nyumbani kwao. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda kwa kura za Waafrika. Wabunge wengi waliokuwa wakitetea viti vyao hawakurudi. Mwaka mmoja kabla, Ghana ilikuwa imetangaza matokeo ya kura ya maoni ambayo karibu kila mtu alisema ndiyo. Maigizo hayaangushi waziri wa fedha.

Bado kuna jambo moja ambalo tume ile ililikataa, nalo ni orodha ya haki za raia ndani ya katiba. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ingefunga mikono ya serikali katika kazi ya maendeleo. Badala yake ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi. Nadhani hapo tulikosea sana. Mwananchi aliyeweza kumwangusha mbunge kwa alama ya jembe hakuwa na kifungu cha katiba cha kumkinga na kizuizini. Haki hizo ziliingia katika katiba mwaka 1984.

Dai: maasi ya Januari 1964 yalikuwa mapinduzi yaliyoshindwa

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Lugalo ya leo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Wakaingia mjini, wakaizingira Ikulu, kituo cha redio, uwanja wa ndege na simu. Nyerere na Kawawa walifichwa ng'ambo ya Kigamboni. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Ukitazama mahali walipoweka bunduki zao, ni rahisi kuona kwa nini watu husema yalikuwa mapinduzi. Wengine huongeza kwamba yalipangwa na wakomunisti, au yalitoka Zanzibar ambako serikali ilipinduliwa tarehe 12 Januari, au Oscar Kambona alikuwa nyuma yake.

Wasikilize askari wenyewe walidai nini. Walitaka mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Hawakutangaza serikali. Hawakumtaja rais mwingine. Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, alikwenda kambini mwenyewe, akasimama katikati ya bunduki na kuzungumza nao; maofisa wa Kiingereza wakapandishwa ndege kwenda Nairobi. Askari waliokuwa wameshika Ikulu na redio, huku Rais hajulikani alipo, walirudi kambini kungoja majibu kuhusu mshahara. Anayepindua nchi hafanyi hivyo. Siku chache baadaye askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, waliasi kwa madai ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa majeshi yote matatu yalirithiwa kutoka kwa King's African Rifles pamoja na kasoro zake.

Chanzo cha karibu kilikuwa waraka wa Rais wa tarehe 7 Januari uliosema kwamba kuanzia sasa ajira serikalini zitaangalia uraia, si rangi. Kwa msimamo wa Nyerere ulikuwa waraka wa haki. Kwa sajini aliyekuwa akingoja nafasi ya ofisa Mwingereza, ulisikika kama mlango kufungwa. Na sehemu ya polisi wa Dar es Salaam ilikuwa imepelekwa Zanzibar, hivyo mji ulibaki wazi. Maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa, na watu waliuawa mitaani. Hao hawatajwi sana, nao ni sehemu ya gharama.

Hatari ilibadilika sura tarehe 24, baada ya habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameanza kuzungumza na askari. Hapo ndipo Nyerere alipoomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 makomandoo walitua Colito kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, na shughuli ikamalizika upesi. Nyerere hakuficha kwamba kuwaita wakoloni wa jana ilikuwa aibu kwake na kwa nchi. Aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam mwezi uliofuata, na wanajeshi wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza hadi Septemba.

Kwa hiyo yalikuwa maasi ya mshahara na vyeo. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ya mapinduzi mengi. Viongozi wa wafanyakazi wapatao 200 walikamatwa. TFL ilifutwa, na mwezi Februari ikawekwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi, Michael Kamaliza. Jeshi lilivunjwa, na jipya likaandikisha vijana wa TANU. Tume ya chama kimoja iliteuliwa tarehe 28 Januari, siku tatu baada ya makomandoo kutua. Sajini Francis Ilogi, aliyeongoza maasi, na wenzake walifungwa kwa uasi wa kijeshi; waliopoteza zaidi ni wafanyakazi ambao hawakuwahi kushika bunduki.

Dai: machifu walifutwa kwa kisasi

Hili ni fupi. Sheria ya machifu ilifutwa kuanzia 1963, na Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Waingereza walikuwa wamewageuza machifu kuwa watoza kodi na mahakimu wa serikali yao, kwa hiyo kazi hiyo isingeweza kubaki mikononi mwao baada ya uhuru. Watu hawakutupwa: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1962, akakaa katika kiti hicho miaka mingi kuliko yeyote.

Dai: Muungano ulitungwa na mataifa ya Magharibi

Marekani na Uingereza ziliiogopa Zanzibar ya mapinduzi. Nyaraka zao zinaonyesha hilo waziwazi, na zilifurahi Muungano ulipotangazwa. Kufurahia jambo si kulitunga. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zipate uhuru zikiwa shirikisho. Juni 1963 alitia saini Nairobi, pamoja na Kenyatta na Obote, azimio la kuunda shirikisho hilo. Lilipokwama, aliyekuwa bado anataka umoja alikuwa yeye, na Karume, rais wa Zanzibar, alikuwa na sababu zake za kutafuta mwenzake mwenye nguvu karibu. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye mahesabu yao.

Kinachostahili kulaumiwa ni namna ulivyofanywa. Hati ilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964. Bunge la Tanganyika liliipitisha tarehe 25, na tarehe 26 nchi ikawa moja. Rasimu iliandaliwa na Roland Brown, mwanasheria mkuu wa Tanganyika, Mwingereza. Mwanasheria mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, hakushirikishwa. Wananchi wa pande zote mbili hawakuulizwa. Manung'uniko tunayoyasikia hadi leo kuhusu mambo 11 ya awali ya Muungano na yaliyoongezwa baadaye yameanzia katika siku hizo nne.

Maamuzi ya miaka ile yalirudi mezani baadaye. Mwaka 1991 Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu chama kimoja au vingi, ilipozunguka nchi, ilitaja sheria ya kizuizini ya 1962 miongoni mwa sheria 40 mbaya zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi viliporudi mwaka uliofuata, Chifu Fundikira alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuongoza chama cha upinzani, akisema kile alichokuwa amekisema 1963.

Ombi langu kwa walimu wa historia na wanaoandika vitabu vya shule: wekeni majina haya ndani. Mtemvu, Tumbo, Mkello, Fundikira, Sarwatt, Bibi Titi siku ya kuanguka kwake, si siku ya kupanda jukwaani tu. Na kwako msomaji mwenye mzee nyumbani: aliyekuwa na miaka 21 wakati wa uchaguzi wa 1965 sasa amevuka 80. Muulize katika jimbo lao nani alikuwa na jembe na nani alikuwa na nyumba, yeye alimpa nani kura yake, na kwa nini. Andika jibu lake mwaka huu.